Fundi Hasamehe

Fundi hakuwahi kumsamehe mtu, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu. Ukimkosea asubuhi, jioni atakuitikia salamu, atakushonea gauni lako na kukukaribisha chai. Utadhani yamekwisha. Halafu siku ya harusi, wanawake wameshajipanga kwenye mikeka na ngoma zimeshapashwa moto, utasikia wimbo mpya ukianza, na kabla hujayaelewa maneno vizuri shingo itaanza kukuchoma. Wenzako watakuwa wameshaelewa. Watakuwa wanakutazama.

Tulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani. Alikuwa na meza yake kwenye soko la Gikomba, upande wa mitumba, akipunguza suruali za watu na kubana sketi zilizokuja zikiwa kubwa mno. Jioni alirudi Majengo, kwenye chumba kilichotazamana na chetu. Ua wetu ulikuwa mmoja, mfereji mmoja, kamba ya kuanikia nguo moja, na kwa hiyo hapakuwa na siri. Jina lake nalijua. Silitaji, kwa sababu hakupenda jina lake litembee midomoni mwa watu wakati yeye hayupo, na sasa hayupo kabisa.

Siku hizi mimi hutunga nyimbo za harusi na vijihadithi vya kuchangamsha chama chetu cha kina mama huku mtaa wa Fedha. Si kazi, ni mapenzi tu. Watu huniuliza nilitoa wapi maneno haya. Wanatarajia niseme shuleni, au kwa babu fulani aliyekuwa malenga. Nilitoa kwa mwanamke mwenye kinyongo.

Sauti yake mwenyewe ilikuwa mbovu, ya kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Yeye alitunga, sisi wasichana wa ua ule tukaimba. Mistari aliipima kwa mguu. Alikanyaga cherehani huku midomo inacheza, na mstari ukigongana na mwendo wa sindano aliutupa hapohapo, akaanza mwingine. Mteja akifika wakati huo alinyoosha kidole bila kuinua kichwa.

"Ngoja kidogo. Nina mtu hapa."

Mteja aliangaza huku na huku, haoni mtu. Lakini Fundi alikuwa naye kweli, na alikuwa akimshona.

Nilimwuliza siku moja, nikiwa bado msichana wa shule, kwa nini hatungi nyimbo za furaha. Alinitazama kama niliyemwuliza kwa nini hapiki mawe.

"Mimi nikiwa na furaha nalala," alisema. "Nikiwa na hasira ndipo maneno yanakuja. Tena yanakuja yakisukumana."

Maneno yenyewe aliyaokota popote. Gikomba ilikuwa shamba lake. Marobota ya nguo yanapofunguliwa na wauzaji wanapanda juu ya meza wakipiga kelele "Beba! Beba!", wengine wetu tulisikia kelele. Yeye alisikia kiitikio. Alikichukua hicho "beba" akakiweka kwenye wimbo wa mume fulani wa mtaa wetu aliyetembea mikono mitupu huku mkewe mjamzito akimfuata na ndoo ya maji kichwani. Wimbo uliimbwa arusini, na mume yule akaonekana wiki hiyo akibeba ndoo, uso ameuinamisha, watoto wakimsindikiza kwa "Beba! Beba!"

Aliokota pia kwa vijana wake wa kushona, waliozungumza Sheng kutwa. Wazee wenzake walilalamika kwamba vijana wanaharibu lugha. Fundi hakulalamika. Aliwasikiliza, sikio moja kwenye cherehani na moja kwao.

"Mnasema risto, risto," aliwaambia. "Mnafikiri mmezua kitu. Hiyo si stori tu mmeigeuza kichwa chini? Sisi tulikuwa tunageuza hivyo tukiwa wadogo. Tulikuwa tunaita kinyume. Mama hakujua tunamsema, naye yuko palepale."

Na kweli alitufundisha kinyume, sisi watoto wa ua. Unachukua neno, silabi ya nyuma unaileta mbele. Mama anabaki mama na baba anabaki baba, kwa hiyo hao hawana pa kujificha, na Fundi alicheka sana tulipoligundua hilo. Paka anakuwa kapa. Chai inakuwa icha. Tulizungumza hivyo tukienda dukani, tukiamini dunia nzima haituelewi.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni neno moja lenye maana nyingi, kwa sababu, alisema, neno kama hilo linakuwezesha kumpiga mtu na kumpapasa kwa mkono uleule. Mumewe alipooa mke wa pili, mtaa wa pili tu kutoka kwetu, watu walingoja kuona atafanya nini. Hakufanya kitu. Alimshonea bibi harusi nguo yake ya sherehe, akaja arusini, akaketi nyuma, na wasichana wakaimba:

*Nilipanda ua langu, ua likavuka ua,*
*limeota kwa mwenzangu, na kila siku laua.*

Bibi harusi aliusikia kuwa ni wimbo wa maua. Alisimama akacheza, akatikisa mabega, akafurahi. Ni pale alipoona wakwe zake wameziba midomo kwa leso ndipo akaanza kuyahesabu maua yale: ua la kunusa, ua wa kuzungushia nyumba, na lile la mwisho ambalo halikuwa ua kabisa. Mama yangu alinisimulia kwamba yule mwanamke alimalizia kucheza akiwa analia. Nilipomwuliza Fundi kama hakumwonea huruma, maana mwenye kosa alikuwa mume, alikata uzi kwa meno.

"Mume hakuwepo pale. Wimbo unampata aliyepo."

Haikuwa haki, na alijua. Hakudai kuwa mtu wa haki.

Alikuwa na hadithi vilevile, za jioni, watoto tumekaa kwenye ngazi huku yeye anatia vifungo. Karibu zote zilianzia kwa mtu aliyemuudhi. Mchinjaji fulani alimfungia mifupa chini na nyama juu, Fundi akaigundua hila akiwa ameshafika nyumbani. Siku ya pili tukapata hadithi ya ng'ombe aliyezaliwa bila nyama, mifupa mitupu, anatembea analia kama njuga, anatafuta mchinjaji wa kumchinja na kila mchinjaji anamkimbia, isipokuwa mmoja. Alimpa mchinjaji yule pua ileile, kofia ileile, kikohozi kilekile. Kufikia Ijumaa hatukuweza kupita kwenye bucha ile bila mtoto mmoja wetu kutikisa funguo mfukoni. Mchinjaji alimletea Fundi kilo mbili za nyama nyororo. Alizipokea, akashukuru, akatupikia pilau. Hadithi hakuiacha.

Usidhani alikuwa mtu wa kusengenya. Kusengenya alikuchukia. Mwanamke akija kwake na maneno ya fulani, alimwambia, "Kamwambie mwenyewe, au niletee kwenye ngoma." Swala zake hazikumpita. Mgonjwa wa mtaa, hata awe adui yake, alipelekewa uji na Fundi mwenyewe, akalishwa kijiko kwa kijiko, na alipopona alikuta wimbo wake unamsubiri palepale alipouacha.

Mara moja tu yeye mwenyewe aliimbwa. Mwanamke mmoja wa kikundi kingine alitunga kijembe juu ya mume aliyekimbia sauti ya sufuria. Kilikuwa kijembe kizuri. Fundi alirudi nyumbani, akafunga mlango, na Gikomba hakwenda siku kadhaa. Nilimpelekea chakula. Alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani.

"Inauma," alisema.

"Sasa kwa nini unawafanyia wenzako, Fundi?"

"Kwa sababu inauma."

Alikuwa na binti mmoja, Rehema. Mimi na Rehema tulikwenda chuoni pamoja kusoma Kurani, tukakojoa kitandani miaka ileile, tukatoboa masikio kwa sindano ileile ya Fundi. Rehema alikuwa mpole, mcheshi, hakurithi kinyongo hata cha kutia kijikoni. Mama yake akianza kutunga juu ya mtu, Rehema alimtetea mtu huyo, na mara chache, kwa ajili yake tu, mstari mmoja mkali uliondolewa. Alishikwa na kifua, akalazwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena. Alifariki kabla ya kuolewa. Aliyemwosha ni jirani yetu mwingine, mama aliyeuza mahamri pale mwanzo wa uchochoro, rafiki wa Fundi wa miaka yote. Fundi hakuweza kuingia. Alikaa nje ya pazia akawa anasikia maji.

Baada ya hapo alitunga wimbo ambao haukuwa wa harusi. Tuliuimba chumbani kwake, sisi wachache, mlango umerudishwa:

*Rehema nilikuomba, Rehema ukanijia,*
*Rehema nikakupamba, Rehema ukafifia,*
*sasa rehema naomba, wa kunipa kakimbia.*

Tulipoumaliza mara ya kwanza hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Nilimwambia kwamba hatimaye ametunga wimbo usio wa hasira.

"Huu nao ni wa hasira," alisema.

"Kwa nani?"

Aliinua macho akatazama mabati ya dari.

Sasa yule mama wa mahamri alikuwa na mwana, mpiga kinanda. Kijana mchangamfu, kofia kisogoni, kila sentensi amechanganya lugha. Alitupigia kinanda kwenye harusi, na alijua kazi yake, ila alikuwa na haraka. Wimbo wowote ukipita mikononi mwake ulitoka ukikimbia. Fundi alimkemea, naye akacheka: "Fundi, watu wanataka kuruka, hawataki kulala." Siku moja alikuja kufanya mazoezi akatukuta tunamwimbia Fundi wimbo wa Rehema. Alisimama mlangoni mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa na machozi, hilo nitalisema, nililiona. Simu ilikuwa mkononi mwake. Hilo nalo nililiona, lakini nani hashiki simu?

Ilipita kama nusu mwaka. Nilikuwa nimeketi kwenye meza ya Fundi kule Gikomba, ananipindia leso, wakati muuza viatu wa jirani alipofungua spika yake. Kinanda kikaanza, cha haraka, cha kuchezeka. Kisha sauti ya mpiga kinanda.

*Mpenzi nilikuomba, mpenzi ukanijia…*

Fundi alikuwa anakanyaga. Mguu wake ulikwenda na wimbo hatua chache, kama mguu unavyofanya wenyewe, halafu ukasimama. Wimbo ulikuwa umebaki vilevile, mizani ileile, sauti ileile tuliyoiimba sisi. Ila kila palipokuwa na Rehema aliweka mpenzi. Neno lilikaa sawasawa, halikupungua wala kuzidi. Ulipofika mstari wa mwisho, "sasa mpenzi naomba", haukuwa na maana yoyote, na muuza viatu alikuwa akicheza.

"Huo wimbo ni wa nani?" Fundi akamwuliza.

"Ah, mathe, hujui huu? Uko kila mahali. Ni wa kijana wa huku kwetu, Majengo. Anapiga hadi redioni."

Fundi alimaliza kupinda leso yangu. Mshono ulikuwa umenyooka. Alinikabidhi, akaniambia tuongozane nyumbani.

Alimkuta mpiga kinanda kwa mama yake, ameketi kibarazani na viatu vipya. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, kwa nini ulimtoa Rehema?"

Kijana alisimama, akampa kiti, akaona haya kidogo. "Fundi, usikasirike. Nyimbo ni za watu wote. Nilikuwa nataka kukuambia. Lakini Rehema, nani anamjua huko nje? Watu wanataka mapenzi. Ningeacha jina, ngoma isingeenda popote."

Mama yake alikuwa ndani anakanda unga. Mikono ilisimama kwenye unga, kisha ikaendelea kukanda.

"Haya, mwanangu," Fundi alisema. "Nimekuelewa."

Tukaondoka. Mimi nilikuwa na hasira. Yeye alitembea kama mtu anayekwenda dukani. Nilitaka aende kwa chifu, aende redioni, amwite imamu. Hakwenda popote. Wiki zilipita, akamsalimu kijana yule kila siku, akampunguzia suruali. Watu wakaanza kusema Fundi amezeeka.

Kisha akatuita. Alikuwa na wimbo mpya wa harusi, akasema, na akamwalika mpiga kinanda aje kwenye mazoezi, yaliyopita yamepita. Alitupanga uani, mchana kweupe. Wimbo ulikuwa wa mwanamume anayejisifu:

*Nimeingia moyoni, nimekula sikushiba,*
*cha mwenyewe mkononi, mimi ndiye nakibeba,*
*niiteni, niiteni: zimwi, zimwi, zimwi, zimwi!*

Ulikuwa mtamu, wa kuchekesha, unakaa kichwani mara moja. Lakini alituimbisha polepole mno. Kila baada ya "zimwi" alitaka ngoma ipigwe, tupumue, ndipo twende kwenye "zimwi" jingine. Nilimwambia wimbo wa mwendo ule utawalaza watu.

"Nyinyi nendeni polepole," alisema. "Mwenye kuharakisha yupo."

Mpiga kinanda alikuwa upande wa pili wa ua, anafunga nyaya zake. Simu ilikuwa imelala juu ya kinanda, kioo chake kimewaka.

Jioni ile nilikuwa naosha vyombo, nauimba chini chini, na mikono ilipokuwa na haraka wimbo nao ukawa na haraka. Zimwi zimwi zimwi zimwi. Sahani ikanitoka mkononi. Niliurudia tena, kwa sauti, nijihakikishie. Ukiliimba jina hilo mbiombio, mwanzo wake unapotea, na kinachobaki ni mwizi, mwizi, mwizi. Kinyume chetu cha utotoni. Nilikimbia hadi mlangoni kwake. Alikuwa anakunja nguo.

"Fundi, hatasikia? Si ataimba mwenyewe?"

"Mdomo unaodhani unajua unachosema hausikii," alisema. "Na yule hajawahi kusikiliza neno. Angesikiliza neno, angemwacha mwanangu alipo."

Haukupita muda mrefu wimbo ukatoka, mpiga kinanda ameutoa kama wake, na kinanda kinakimbia kama kimeibiwa. Ulipigwa huko na huko na watu wakaupenda bila kujua ni kwa nini wanatabasamu. Wanawake wa Majengo walijua. Hakuna hata mmoja aliyesema. Walingoja.

Walingoja harusi ya mpwa wa mume wangu, hapa Fedha nilikokuja kuhamia baadaye, kwenye ukumbi wenye viti vilivyovishwa nguo nyeupe. Mpiga kinanda alikodiwa, akaja na spika mbili ndefu kuliko yeye. Fundi aliketi mstari wa mbele, leso yake bora, sambusa mkononi. Alasiri ile kijana aliimba nyimbo zake zote, na mwisho akatangaza ile inayopendwa. Akina mama wa Majengo wakasimama. Alipofika kwenye kiitikio, wakamwitikia. Mwanzo walisema zimwi kama yeye. Halafu makofi yao yakasogea, yakaanguka kwenye silabi ya pili, na ukumbi mzima ukasikia.

*Niiteni, niiteni!*

"Mwizi! Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Alitabasamu mwanzoni. Aliona watu wamesimama, akafikiri hiyo ndiyo siku yake. Akarudia, akawaomba wapaze sauti, akaelekeza kipaza sauti kwao. Wakapaza. Watoto walikuwa wamepanda kwenye viti. Bibi harusi alikuwa amejifunika uso na mabega yanamcheza. Kisha nikaona uso wa mpiga kinanda unasikia. Vidole vyake viliendelea kupiga kidogo, kwa mazoea, halafu vikaacha. Makofi hayakuacha. Alitafuta kwa macho, akampata Fundi.

Fundi hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa anatafuna sambusa yake.

Mtu alikuwa ameshika simu, bila shaka, na picha ile ilitembea estate zote za Eastlands kabla ya bibi harusi kufika kwake. Baada ya hapo kijana yule hakuwa na pa kupita. Akienda kununua mkate, "Niaje, Zimwi!" Akisimama na msichana, wavulana wa upande wa pili wanapiga makofi tu, bila neno. Harusi hazikumwita. Aliuza kinanda.

Mama yake alikuja kwa Fundi. Nilikuwepo. Hakuketi.

"Umemwaibisha mwanangu mbele ya mji mzima."

"Na yeye alimfuta wangu," Fundi alisema.

"Mimi ndiye niliyemwosha Rehema. Kwa mikono hii. Ungekuja kwangu. Ungeniambia nimpige, ningempiga. Ungeniambia nivunje kile kinanda, ningekivunja."

"Ulikuwepo nilipomuuliza. Ulikuwa unakanda."

Mama wa mahamri aligeuka. Akatoka. Wanawake wale wawili, waliokuwa wakisukana nywele, hawakusemezana tena. Wakikutana mferejini mmoja alingoja mwenzake amalize. Na mama wa mahamri alipofariki, Fundi alikwenda wa kwanza. Alikata sanda yeye, kwa mkasi wake, akainamia kitambaa kile muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipotoka alipita mbele ya mpiga kinanda, aliyekuwa amesimama mlangoni anapokea pole, asimpe.

Macho yake yalipochoka, mpwa wake alimchukua kuja kukaa naye Fedha, ghorofa ya tatu, mitaa miwili kutoka kwangu. Nilidhani nitafurahi kuwa naye karibu. Alikuwa amenuna. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, anatazama geti.

"Hapa watu wana adabu," aliniambia, kama anayeshtaki. "Mlinzi ana adabu. Majirani wananiita bibi, wananibebea mfuko. Hakuna aliyenikosea tangu nije. Nitatunga nini?"

Nilikuwa kwake alasiri nyingine, nimemletea viazi karai, tuliposikia hodi. Nilifungua mimi. Alikuwa mpiga kinanda. Kofia haikuwepo, nywele zilikuwa zimeanza mvi, mkononi ana sukari na majani ya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Fundi alisema. Alimjua kwa sauti. "Mpe kiti."

Aliketi pembeni ya kiti. Alizungumza muda mrefu, hakuchanganya lugha. Alisema mama yake alimwachia wosia aje. Alisema ana binti sasa, mdogo, na juzi mtoto amerudi kutoka shule akamwuliza kwa nini wenzake wanampigia makofi. Alisema, "Mimi nilikosa. Nilijua nakosa. Wewe una njia, mama. Watu wanakusikiliza. Nitoe hilo jina."

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Uimbe."

"Niimbe nini?"

"Unaujua."

Kijana yule, ambaye hakuwa kijana tena, alitazama sakafu. Akaanza. Hakuwa na kinanda, na labda kwa sababu hiyo hakukimbia. *Rehema nilikuomba.* Aliuimba polepole, kila neno mahali pake, na jina likarudi mara nne, na niseme ukweli hata kama sipendi: hakuna aliyewahi kuuimba vizuri hivyo, si mimi wala wenzangu. Alipofika kwa "wa kunipa kakimbia" aliumalizia kwa kunong'ona. Mpwa wa Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Umeimba vizuri," Fundi alisema.

"Umenisamehe, mama?"

"Nimekusikia. Kusamehe ni kitu kingine. Nenda salama."

Alingoja. Alinitazama mimi, labda nimwombee. Nilitazama pembeni. Akaweka sukari na majani mezani, akaaga, tukazisikia hatua zake kwenye ngazi.

Nilitaka kusema kitu juu ya yule mtoto wa shule, yule binti asiye na kosa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Fundi alinyoosha mkono nimwinue, nikamwinua, akanivuta hadi kwenye roshani.

"Yuko wapi? Niambie."

Alikuwa chini, kando ya geti, ameketi juu ya ukuta mfupi wa maua, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Mlinzi alikuwa ameinama anamwuliza kama anaumwa. Nilimweleza Fundi yote hayo, na macho yale yasiyoona vizuri yalikuwa yanameta. Alishika chuma cha roshani kwa mikono yote miwili. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, si arusini, si popote, na iliniogopesha.

Kisha akageuza kichwa kidogo, kuelekea chumbani nyuma yetu, akaita kwa ile sauti yake mbovu, ya kawaida kabisa, kama mama anavyomwita mtoto aliye jikoni.

"Rehema," alisema. "Njoo uone."